Mke wa Padri wa Erlenried

*Meginward, padri wa Erlenried, kwa mdogo wake Liutold, mtawa wa Tannenau. Sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwaka wa Bwana 1075.*

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila baridi mwaka huu imewahi. Imma ameota meno ya mbele ya ukubwani na sasa anayajaribu kwa kuuma kila kitu, pamoja na mimi. Otwin anatembea, na akianguka anamlaumu mbwa. Nguruwe tumemchinja wiki hii. Shemeji yako Hadewig alikuwekea soseji za damu zile unazozipenda, kisha akakumbuka kwamba nyinyi watawa hamli nyama, akacheka peke yake jikoni. Badala yake anakuletea soksi za sufu, amezifuma mwenyewe. Anasema tangu siku aliyokuja kuolewa hapa, akakukuta mtoto wa miaka sita usiye na mama umelala kwenye majivu ya jiko, miguu yako haijawahi kupata joto.

Sasa nikwambie linaloniumiza kichwa. Kuna mtawa alipita sokoni Hornau, kofia imemfunika uso, akapanda juu ya gari la ng'ombe la mtu na kuhubiri. Amesema Papa wa Roma amekataza watu kusikiliza Misa ya padri mwenye mke. Amesema tena, askofu aliyepewa fimbo na pete za uaskofu kwa mkono wa mfalme si askofu, ni mwizi aliyepitia dirishani, na mapadri aliowaweka yeye ni mapadri wa udongo. Basi mimi nina dhambi zote mbili kwa mpigo. Mke ninaye, na askofu aliyeniwekea mikono alipewa fimbo na mfalme, kama alivyopewa aliyemtangulia, na aliyemtangulia huyo. Nani mwingine angewapa? Bata?

Jumapili iliyopita nusu ya kanisa ilikuwa sakafu tupu. Ruotpert mkulima, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisimama nje mvuani muda wote wa Misa ili asiingie na ili nimwone kwamba haingii.

Niambie, huyo mtawa ni wa kwenu? Unamjua?

Kaka yako, Meginward

*Liutold kwa kaka yake Meginward. Sikukuu ya Epifania, 1076.*

Shikamoo kaka,

Barua yako ilikaa kwa abati, mkuu wetu, mpaka Noeli ilipopita, ndiyo maana nimechelewa. Mimi ni mzima. Tunaamka kusali giza likiwa bado nene, tunakula mikate na dengu, na moyo wangu umetulia kuliko wakati wowote. Wasalimie watoto. Wasalimie na watu wengine wa nyumbani mwako. Soksi zilifika. Kanuni yetu hairuhusu mtu kuwa na kitu chake mwenyewe, kwa hiyo nimempa maskini mmoja langoni.

Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha zaburi ukinishika kidole juu ya herufi. Nisingethubutu kukufundisha wewe. Lakini fikiria. Kanisa likiwa mali ya mfalme, basi Kristo ni mtumishi wa mfalme. Anayempa askofu fimbo ndiye anayemwambia aelekee wapi. Na padri mwenye watoto atamfikiria nani kwanza usiku wa baridi, Mungu au watoto? Baba Mtakatifu anafagia nyumba. Vumbi likitimka, si kosa la ufagio.

Omba sana juu ya hali yako. Wakati bado upo.

Nduguyo mdogo, Liutold

*Meginward kwa Liutold. Jumatatu ya Pasaka, 1076.*

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Ng'ombe amezaa ndama dume, na Imma amempa jina lako, kwa sababu, anasema, analia akitaka maziwa na akishiba hamjui mtu. Usinilaumu, sikumfundisha.

Hadewig alisikia habari za soksi. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na maji yalikuwapo ndani tele.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Baada ya Noeli mfalme aliwakusanya maaskofu wake wakamwandikia Papa kwamba yeye si Papa, ashuke kitini. Ilipofika Kwaresima Papa akamtenga mfalme na Kanisa, akawaambia watu wote kwamba kiapo walichomwapia mfalme si kitu tena. Kwa hiyo leo hatuna Papa na hatuna mfalme, inategemea unamuuliza nani. Askofu wetu ameniletea waraka wa kumkana Papa, niusome altareni. Niliusoma kwa Kilatini, mbio mbio, kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Hakuna aliyeelewa, nami nilishukuru.

Ila sikiliza hili. Binti yake Ruotpert alijifungua wiki ya pili ya Kwaresima. Hawakuniita. Ruotpert alimbatiza mjukuu wake mwenyewe jikoni, na maji hayo nayakubali, dharura ni dharura. Lakini mafuta matakatifu ya krisma je? Mafuta yangu yamebarikiwa na askofu wa mfalme, na yule mtawa wa Hornau alisema ni uchafu. Basi Ruotpert akaingiza kidole sikioni mwake, akatoa nta, akampaka mtoto kwenye paji la uso. Nta ya masikio, Liutold! Hiyo ndiyo krisma ya ufagio wenu.

Nilipomwuliza, alinijibu bila aibu: "Padri, ya kwangu angalau najua imetoka wapi."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtu huyu nilimfungisha ndoa mimi. Mama yake nilimzika mimi. Leo nta ya sikio lake ni safi kuliko mikono yangu.

Nilikuuliza swali hukunijibu. Yule mtawa ni nani? Na jingine: barua yako nzima haikumtaja shemeji yako. Yeye hakuuliza. Nauliza mimi.

Meginward

*Liutold kwa Meginward. Sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, 1076.*

Shikamoo kaka,

Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Huku nyuki wametupa asali nyingi, na abati amenipa kazi ya kuwafundisha watawa wapya kusoma. Nawashika kidole kama ulivyonishika wewe.

Watawa wanaotumwa kuhubiri ni wengi na wanatoka nyumba nyingi. Haifai kutafuta ni nani aliyesema, tutafute kama alisema kweli. Kuhusu yule mkulima, amekosea kwa ujinga, na Mungu huwahurumia wajinga. Nawahofia zaidi wanaojua.

Kaka, upepo umegeuka. Mabwana wa nchi yetu ya Swabia wanamwacha mfalme mmoja mmoja. Askofu wako naye hana mizizi, ataelekea upepo unakovuma. Usije ukakutwa umesimama mahali ambapo yeye mwenyewe amekwisha kuondoka. Mweke kando mwanamke huyo kwa hiari yako kabla hujalazimishwa. Nakwambia kwa sababu nakupenda.

Liutold

*Meginward kwa Liutold. Siku ya Watakatifu Wote, 1076.*

Liutold,

Watoto wazima. Otwin alipata kikohozi, Hadewig akamkandia vitunguu kifuani usiku na mchana, kikaisha. Nimeona nikutajie jina, maana barua yako ilisema "mwanamke huyo", na katika nyumba hii kuna mmoja tu, mwenye jina.

Ulisema kweli juu ya upepo. Nakupa haki yako. Mabwana wamempa mfalme mwaka mmoja apatane na Papa, la sivyo kiti wanakichukua. Na askofu wetu, yule yule aliyeniletea waraka wa kumkana Papa, sasa ameleta waraka mwingine. Anasema alidanganywa, anasema machozi yanamtoka, na ili Roma ione jinsi yanavyomtoka, kila padri wa jimbo lake amwondoe mke nyumbani kabla ya Noeli. Asiyemwondoa atanyang'anywa kanisa na nyumba, na mwanamke atachukuliwa kuwa mjakazi wa jimbo. Mjakazi, Liutold. Hadewig, binti wa mtu huru, akafue mashuka ya askofu.

Nilitaka kukataa papo hapo. Hadewig ndiye aliyenizuia. Alisema, "Ukikataa, tunatoka wote kwenye theluji hii, na Otwin kifua chake ni hicho hicho. Niondoke mimi, mbaki na moto. Wakipatana huko juu, nitarudi." Anaamini watapatana. Anafikiri wakubwa wanagombana kama wanavyogombana majirani, kwamba mwisho watu huchoka.

Ndugu zake walikufa kwa homa, hana pa kwenda. Akaniambia, "Mwandikie Liutold. Yule mtoto nimemlea mimi, hawezi kunitupa."

Nakuandikia. Sina kiburi tena. Mtafutie mahali.

Kaka yako

*Liutold kwa Meginward. Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, 1076.*

Kaka mpendwa, shikamoo,

Nimelia kwa furaha niliposoma. Mungu amekushika mkono. Abati pia amefurahi, amesema mti mgumu ukiinama hauvunjiki.

Mahali papo. Masista wa Reute, upande wa pili wa mlima, watampokea. Nimezungumza nao mimi mwenyewe. Watampa kitanda, chakula na kazi ya kufuma. Kuna utaratibu mdogo wa toba pale langoni, kama kawaida ya nyumba kama ile. Si kitu. Mchuuzi wa chumvi anapita Reute kabla ya Noeli, afuatane naye.

Huku Mto Rhine umeganda, watu wanauvuka na magari ya ng'ombe. Mvike vizuri.

Nduguyo, Liutold

*Liutold kwa Meginward. Jumatano ya Majivu, 1077.*

Shikamoo kaka,

Sijapata barua yako tangu Novemba. Nadhani ni njia, theluji imeziba kila kitu. Sisi wazima, ila watawa wazee wawili wamefariki kwa baridi.

Bila shaka habari kuu zimefika hata huko. Mfalme alivuka milima katikati ya majira haya, akaenda mpaka kwenye ngome alikokuwa Baba Mtakatifu. Akasimama langoni siku tatu, miguu mitupu kwenye theluji, amevaa sufu kama maskini, akilia. Siku ya nne lango likafunguliwa, akasamehewa, akala mezani pamoja na Papa. Kaka, nilipoisikia nilipiga magoti. Mfalme wa dunia langoni pa mvuvi! Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyapigania. Sasa kutakuwa na amani.

Nimesikia kulikuwa na kutoelewana kidogo kule Reute. Sijapata maelezo kamili. Natumaini mgeni wetu amekwisha kupata mahali pazuri.

Abati ananifikiria kazi fulani, lakini haijawa tayari kusemwa. Niandikie.

Liutold

*Meginward kwa Liutold. Ijumaa ya juma la Pasaka, 1077.*

Liutold,

Maelezo kamili ninayo. Nimeyapata kwa mchuuzi wa chumvi na kwa Hadewig mwenyewe kabla hajafa.

Ndiyo, amekufa. Nimekaa na neno hili tangu Januari kwa sababu kila nilipokata kalamu mkono ulitaka kukuandikia mambo ambayo padri haandiki.

Walifika Reute asubuhi. Sista mmoja akafungua kidirisha cha lango, akamwambia aseme maneno ya toba kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakingoja mkate: "Mimi nilikuwa kahaba wa padri." Huo ndio utaratibu wako mdogo. Hadewig akasema, "Mimi ni mke wa Meginward wa Erlenried. Nimekuja kufuma." Sista akasema bila maneno yale haingii mtu, ndivyo walivyoagizwa na Tannenau. Hadewig akauliza, na huko Tannenau ni nani aliyewaagiza? Wakamtajia jina lako.

Mchuuzi alimwambia, "Mama, sema tu. Maneno hayavunji mfupa. Sema uingie kwenye joto." Akamjibu, "Nina binti. Nikisema hivyo, yeye ni nani?" Mchuuzi ana watoto wa kulisha na punda wanaoganda, akaendelea na safari yake. Hadewig alingoja pale mpaka jua likazama. Kidirisha hakikufunguka. Akageuka akarudi kwa miguu, peke yake, juu ya mlima ule.

Alifika hapa miguu imekuwa myeusi. Aliishi mpaka siku chache baada ya Epifania. Ndipo aliponieleza jambo jingine. Ile siku ya Hornau, mtawa alipopanda juu ya gari na kusema wake za mapadri ni malaya wa Shetani, Hadewig alikuwa amesimama mbele kabisa na kikapu chake cha mayai. Upepo ukainua kofia. Mlitazamana. Wewe ukaivuta kofia chini, ukaendelea kuhubiri.

Alijua kabla hajakufumia zile soksi. Hakuniambia kwa sababu, alisema, "Ni mdogo wako, na huna mwingine." Alidhani umeona aibu. Alidhani mtu aliyeona aibu siku moja atatengenezeka. Ndiyo maana alisema nikuandikie.

Shukrani ya punda ni mateke, nilijua. Sikujua kwamba punda anaweza kupiga teke huku akisali.

Kaburi tulilichimba na Ruotpert. Hakuna mwingine aliyekuja. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, akawasha moto juu yake kutwa nzima mpaka ikalegea, kisha akachukua sepetu. Nilimsomea Hadewig sala zote za mazishi, za mke wa ndoa, hakuna niliyoiruka.

Umeniandikia kwamba mfalme alisimama langoni siku tatu akafunguliwa. Vizuri. Yule aliyechoma vijiji vya Wasaksoni, aliyeuza fimbo za maaskofu, alilia kidogo akapewa na chakula. Nami nimesikia na mengine, labda huko hayajafika: mabwana wamejichagulia mfalme mwingine mwezi wa tatu, vita vinaanza, na Papa anatazama nani atashinda. Amani yenu ilidumu kuliko theluji? Haikudumu.

Nimalizie ya Pasaka. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Watu niliokuwa sijawaona tangu mwaka juzi wamevaa nguo safi, wananitazama kwa upendo. Mwanamke mmoja alinishika mkono: "Padri, sasa tunaweza kupokea kwako bila hofu." Alimaanisha vizuri. Kwa kuwa mke wangu amekufa, mikono yangu imetakata.

Baada ya Injili mjumbe wa askofu akasimama. Alisema askofu ananirudishia neema zote, bado kiapo kimoja tu, kifupi: niape mbele ya watu kwamba yule aliyekaa nyumbani mwangu hakuwa mke, alikuwa suria. Imma alikuwa mbele, amemshika Otwin mkono. Ana miaka kumi, anajua maana ya suria. Wenzake kisimani wamemfundisha.

Nikasema, "Nilikuwa na mke. Anaitwa Hadewig. Nilimwoa kwenye mlango huu huu wa kanisa, na wazazi wenu walikunywa bia yangu siku ile." Mjumbe akaniambia nifikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri majira ya baridi yote. Akanivua stola ya upadri shingoni pale pale. Watu wakajipanga mstari kupata baraka ya mjumbe, na Ruotpert naye akajipanga, akiangalia chini.

Halafu mjumbe akawatangazia padri wao mpya, mtawa wa Tannenau, asiye na doa, jina lake Liutold. Kumbe hiyo ndiyo kazi ambayo haikuwa tayari kusemwa.

Kesho naondoka na watoto. Kuna mtu mjini Ulm anahitaji mwandishi wa kuwafundisha wanawe kusoma, hakuuliza habari za mke. Usitutafute.

Nyumba nimeifagia. Kuni zipo. Ufunguo wa kanisa uko kwa Ruotpert. Kaburi la Hadewig liko kati ya nyumba na mlango wa kanisa, ukingoni mwa kijia, na kijia ni hicho kimoja tu. Utalipita kila asubuhi ukienda kupiga kengele. Watoto wa kijiji watakuuliza aliyelala pale ni nani. Padri ni wewe sasa. Wajibu.

Meginward